Mume Kwenye Keria

Majirani wa Dixon Road walisema nimechanganyikiwa. Wa kanisani walisema nimemfanya mume wangu kichekesho. Binti yangu alisema nitamuua. Basi na mimi niseme, maana mwenye baiskeli nilikuwa mimi, wao walikuwa madirishani.

Mume wangu anaitwa Gelasius. Tulitoka naye Bukoba tukaja Toronto, akapakia mizigo uwanja wa ndege mpaka presha ya macho ilipomshika. Kabla ya hapo alikuwa na starehe moja tu, baiskeli. Kuna njia ya lami inayoufuata mto Humber bondeni, haina gari hata moja, inakwenda hivyo hivyo mpaka ziwani. Siku ya mapumziko ukimtafuta, yuko huko. Wenzangu waume zao walikuwa baa, kwa hiyo mimi nilinyamaza nikamshukuru Mungu.

Mwaka 2012 macho yalizimika kabisa. Akakaa kwenye kiti sebuleni, hakutoka tena. Redio hataki. Wageni hataki. Padri alikuja, akaambiwa "asante, baba," akaelewa, akaaga. Siku moja nikamsikia anasema peke yake, "Nimekwisha." Mawe! Ndivyo Wahaya tunavyomlilia mama. Nilibaki jikoni na mwiko mkononi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, kuwainua, kuwaogesha, na nimewaona wengi waliokaa namna ile wakakaa moja kwa moja. Sasa na wangu? Thubutu!

"Baba Josephine," nikamwambia, "nitakubeba kwa baiskeli. Twende mtoni."

"Unibebe wewe? Kwenye keria?"

"Kwani keria ina miiba?"

"Kwetu keria hupandwa na mwanamke, na mgonjwa, na mkungu wa ndizi. Mimi ni yupi hapo?"

"Chagua mwenyewe."

Hakucheka. Alisema afadhali afie kwenye kiti kuliko watu wamwone amebebwa na mkewe, na isitoshe, mimi mwenyewe baiskeli siijui. Hapo alinipata. Nimekulia Kagera, ambako baiskeli hubeba kila kitu, nami nilibebwa tangu siku ya harusi, nimekaa upande, magoti pamoja, kama mwanamke mwenye adabu. Kuiendesha? Bibi yangu angenichapa. Lakini fimbo ya bibi haifiki Canada.

Nikaenda Thorncliffe Park kwa Madatali, Mwismaili aliyezaliwa Bukoba, fundi baiskeli. Nikamweleza ninachotaka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Josephine, mtu mzima si mkate."

"Nani kasema ni mkate? Nifungie keria."

Alinitafutia baiskeli ya kike, akaifunga keria ya chuma kizito na mto wa kukalia. Akanipa sharti moja. "Jifunze na mchele. Ukiweza magunia mawili ya huku, yale madogo, bila kuanguka, mbebe mzee. Kabla ya hapo usimguse."

Majira yale yote ya joto nilibeba mchele. Nilianza nyuma ya jengo letu kwenye maegesho, nikaanguka, nikachubuka, nikaanguka tena. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Kina mama wa Kisomali wa ghorofa ya nane wakawa wanashuka na viti kabisa, kama wamekata tiketi. Nilijitia hamnazo. Maji nimeyavulia nguo, nisiyaoge? Agosti ilipofika nilikuwa napanda na kushuka kando ya mto na magunia yangu mawili, jasho linanitoka, moyo mweupe.

Ndipo Josephine akajua. Binti yetu ni nesi, anakaa Unionville, na mtu mmoja wa kanisani alikuwa amempigia simu. Alikuja Jumamosi asubuhi, akaifunga baiskeli kwa kufuli pale barazani, funguo akatia mfukoni. Ebo! Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

"Toa funguo," nikasema.

Akaanza kwa Kiingereza, nikamwambia ugomvi wangu hautafsiriwi, aseme Kiswahili.

"Mama, ukimwangusha utajisamehe? Akivunjika nyonga je? Na huko mtoni kuna nini? Baba haoni! Anakwenda kuona nini?"

Hakusema kwa ubaya, najua, alisema kwa hofu. Lakini neno lilishatoka, na baba yake alikuwa pale pale kwenye kiti.

Gelasius akainuka. Taratibu, mkono ukutani.

"Josephine," akasema, "mpe mama yako funguo. " Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Dative, nipe viatu."

Tukashuka na lifti. Nikasukuma baiskeli kwa mkono mmoja, mume wangu nikamwongoza kwa mkono mwingine, mpaka tulipoufikia mto. Siku ile Watanzania walikuwa na nyama choma kwenye bustani, chini kabisa huko mbele. Nikasema, kama ni kuonekana, basi watuone wote kwa mpigo.

Nikamkalisha kwenye keria. Halafu nikafanya ujinga. Kwetu mzigo haupakiwi bila kufungwa, na mimi nilikuwa nimezoea mchele. Nikatoa kanga, nikamzungushia kiunoni, nikamkaza kwenye kiti changu, fundo la nguvu. Tukaondoka. Tulikwenda vizuri hata nikaanza kuimba, mpaka kona ya chini ya daraja. Akaja mtu na baiskeli yake ya mbio, kasi, anapiga kelele kwamba baiskeli ni ya mtu mmoja. Nikakata kulia. Gelasius, hajui kona imekuja, amefungwa kama furushi, akabaki wima. Puu! Majanini sote.

Nilidhani nimemuua. Nililia jina lake. Nilimpapasa kichwa, mikono, nyonga ile aliyoisema Josephine. Nikasema moyoni, Dative, ubishi wako umekufikisha.

"Nifungue," akasema. Sauti ilikuwa kali, na sauti kali sikuwa nimeisikia kwake tangu macho yazimike. "Mwanamke gani wewe! Mzigo ndio hufungwa. Mtu hushika!"

"Turudi nyumbani?"

"Nani kasema turudi? Nipandishe."

Safari hii akanishika kiuno kwa mikono miwili. Nikilala kulia, naye analala kulia. Nikikaza mlima, nasikia pumzi yake mgongoni inakaza na yangu. Akaanza kunisuta. Punguza mguu wa kushoto. Usishike breki hovyo. Mbele hapa njia inabana, kaa katikati. Alikuwa anaijua ile njia yote kichwani mwake. Nilimjibu kila neno, tukagombana mpaka bustanini, na mimi machozi yananitoka kwa raha.

Walipotuona, waligeuka wote. Mtu na mwiko wake wa nyama hewani. Mwenyekiti wetu, bwana mmoja anayependa sana kusikika, akamwita kwa heshima ya Kihaya, kwa sauti, "Ta Gelasius! Siku hizi unabebwa na mke?"

Watu wakacheka kidogo, wakaangaliana.

Gelasius alishuka mwenyewe. Nyasi kichwani, suruali imechanika gotini. "Ananibeba tangu tulipotoka Bukoba," akasema. "Leo ndiyo mmeamua kutazama."

Mwenyekiti akatafuta soda ya kunywa.

Josephine alikuwa ametufuata kwa gari, kaegesha juu barabarani. Jioni alikuja akiwa na funguo za gari mkononi na macho mekundu. Hakugombana. Aliinama mbele ya baba yake, akamtoa majani yaliyobaki kwenye nywele, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anamwomba, "Baba, gari liko hapo juu. Njoo nikurudishe nyumbani."

Gelasius akautafuta mkono wake hewani, akaupata, akaushika.

"Mpe kwanza mama yako maji," akasema. "Ana mlima wa kunipandisha."