Maneno Mafupi ya Mwalimu

Kiharusi kilimkuta Mwalimu asubuhi, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Kilimnyang'anya mkono wa kulia, mguu wa kulia, na Kiswahili chote. Mtu ambaye salamu yake peke yake iliweza kukuchelewesha kazini, sasa alibaki na maneno mafupi ya Kiingereza tu, yale ya herufi tatu aliyowaandikia ubaoni watoto wa darasa la tatu kwa miaka thelathini na minane.

"Hutokea," daktari alisema. "Lugha ya kuzaliwa inaondoka, inabaki ya kusomea."

Binti yake alicheka, kicheko cha mtu aliyekosa la kufanya. Kaka zake wawili, waliokinywa Kiingereza kama maji, walikuwa mbali, kwenye kazi zao. Aliyebaki nyumbani ni yeye, fundi cherehani, ambaye Kiingereza kilimpiga chenga tangu kwenye darasa la baba yake mwenyewe. "Mama," Mwalimu alikuwa akimtania, maana binti alirithi jina la bibi yake, "wewe na Kiingereza ni mafuta na maji."

Akahamishia cherehani chumbani kwa baba yake, karibu na mlango. Ukutani akabandika kalenda ya zamani, mgongo wake mweupe ukitazama kitanda, ili aandike kila neno na maana yake.

La kwanza lilikuwa *eat*. Kula. Akaleta chakula, Mwalimu akakisukuma. "*Eat!*" Akaleta uji, akausukuma. Mpaka binti alipojimiminia chai yake ndipo mzee akanyoosha mkono wa kushoto. Binti akafungua kamusi ya baba yake, ile iliyopoteza jalada, akakuta *tea*: chai. Herufi zile zile tatu, ila zilikuwa zimepigana vikumbo njiani.

Tangu siku hiyo akajua. Baba akisema neno, lipindue. Akisema *net*, huenda ni *ten*. Akisema *pot*, jaribu *top*. Siku moja Mwalimu alirudia "*tar, tar*" huku ametoa macho.

"Lami?" binti akashangaa akisoma kamusi. "Baba, lami ya nini ndani ya nyumba?" Akalipindua, akapata *rat*. Alipoinama, panya alikuwa amekaa chini ya kitanda kama mwenye nyumba. Walicheka wote wawili, Mwalimu mpaka udenda ukamtoka, na binti akaona sasa ameijua njia.

Baada ya hapo likaja *ram*.

Lilikuja asubuhi, wakati wa kuoga. Binti alimshika baba yake ule mkono wa kulia, uliolegea kama kitambaa kilicholowa, akamvuta aketi. "Haya Baba, moja, mbili, twende!"

"*Ram!*" Mwalimu akapiga kelele. "*Ram! Ram!*"

Kamusi ikasema: kondoo dume. Akalipindua, *mar*: kuharibu. Kuharibu nini? Mara mteja akabisha hodi, shela limechanika na arusi ni kesho. Kamusi ikafungwa. Akiwa anashona ndipo akakumbuka kwamba babu yake alifuga kondoo. Basi ndiyo hayo, akajiambia. Mzee anakumbuka utoto wake.

Kesho yake akamvuta tena, na Mwalimu akalia tena, "*Ram!*" Binti akamfuta jasho kwa upole. "Walikuwa wangapi, Baba? Wewe ndiye uliyekuwa unawachunga?"

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, machozi yakamtiririka. Binti naye akalia, akidhani wanamlilia babu.

Ikawa hivyo kwa siku tisa. Siku ya kumi akaja mama wa mazoezi ya viungo, aliyetumwa na hospitali. Alipogusa bega la kulia, kidole chake kikazama mahali pasipopaswa kuwa na shimo. Mwalimu akauma meno.

"Nani anamnyanyua?"

"Mimi."

"Kwa mkono huu?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, bega limeachia. Haya ni maumivu makali sana. Hajasema kitu?"

"Amesema kondoo," binti akajibu.

Mama yule akasogea kwenye kalenda, akaweka kidole kwenye *ram*, akazipanga herufi kwa sauti ya chini. "*Arm*," akasema. "Mkono."

Binti akakaa sakafuni, akaushika mguu wa baba yake. "Nisamehe, Baba."

Akamshonea mkanda wa kuning'iniza mkono. Akaufumua mara tatu mpaka ulipokaa sawa. Akafundishwa kumnyanyua kwa kiuno. Maumivu yakapungua, lakini woga uliompata haukupungua. Sasa kila neno alilipindua mara sita, tena na tena, "Hili? Au hili?" mpaka mzee akachoka akageukia ukuta. Kadiri binti alivyozidi kujua maneno, ndivyo baba alivyozidi kuyapoteza. Ikapita wiki nzima kimya.

Alasiri moja, binti akiwa anapiga pasi, akasikia, "*But*."

"*Tub?* Beseni?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "*But*."

Akafungua kamusi. "Lakini?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Herufi zilikuwa zimekaa mahali pake.

"Lakini nini, Baba?"

Mdomo ukafunguka. Binti akasubiri, pasi ikapoa. Mwishowe mzee akafumba macho.

Aliishi miezi mitano zaidi bila kutamka kitu. Siku ya mazishi kaka za binti walimuuliza neno la mwisho la baba yao lilikuwa lipi.

"Lakini," akawaambia.

Wakamtazama, wakisubiri amalizie.