Madodoso Kumi na Tisa

Nasra aliifungua makala ile alasiri ya Jumamosi, macho yakimwasha kwa kusahihisha madaftari ya kidato cha pili. Kazi ya chuo ilikuwa kuhakiki makala moja ya jarida la kitaaluma, kurasa nne, mwisho Jumatano. Alichagua inayohusu wakulima wa mwani wa Moa kwa kuwa ni kwao. Alidhani itamchosha kidogo kuliko nyingine.

Alipofika kwenye mbinu za utafiti, kalamu ilisimama. Wanawake mia moja na ishirini, nyumba kwa nyumba, miaka tisa nyuma. Ni yeye aliyeajiriwa na mtafiti kuyabeba madodoso yale, ndiyo kwanza amemaliza kidato cha sita. Wiki ya mwisho homa ilimlaza kwa mama yake, na kumi na tisa aliyajaza mwenyewe kitandani. Palipoulizwa habari za vikundi aliweka "hapana" yote, maana "ndiyo" ilidai maelezo.

Na hitimisho la makala lilikuwa hilo hilo: wanawake wa Moa hawapendi kufanya kazi kwa vikundi.

Jumatatu alimfuata mwalimu wake, Dk. Laurenti, ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekwama wapi?"

"Ulituambia tuanze kwa kuuliza takwimu zimetoka wapi. Za makala hii, nyingine zilitoka kichwani mwangu."

Akamweleza yote. Dk. Laurenti alivua miwani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Makala hii naifundisha mwaka wa sita sasa," alisema. "Haya, yaandike kwenye uhakiki wako. Na mtafiti mwenyewe umwandikie, ingawa hilo sikulazimishi."

Aliandika kote kuwili. Uhakiki ulirudi na alama sitini na mbili: amejikita mno kwenye takwimu, hakugusa mapitio ya maandiko. Mtafiti alijibu baada ya wiki tatu, mistari miwili, bila lawama. Aliomba majina ya nyumba zilizorukwa.

Nasra alizikumbuka saba tu. Akampigia mama yake amsaidie.

"Kwani na mie nimo?" mama aliuliza.

"Umo, mama. Wewe ndiye niliyekujazia wa kwanza."

"Ukanijazia nini?"

"Kwamba humo kwenye kikundi chochote."

"Nawe ulikuwa ukiniona kila asubuhi natoka na wenzangu wa mwani," mama alisema. "Ungeniuliza tu, mwanangu. Nilikuwa hapo jikoni, nakupikia uji."

Kisha akaanza kumtajia majina, polepole, na Nasra akaandika.