Mfarishi wa Mikono Isiyolingana

Wateja walimwita Fundi Rula, na hakuna aliyeweza kusema wamemwonea. Nguo iliyotoka mikononi mwake ilikukaa mwilini utadhani umezaliwa nayo. Ila ole wako upindishe mshono mbele yake. Neno lake lilikuwa moja tu: "Fumua." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama watu wanavyosema "karibu", kisha akarudi kwenye cherehani yake, na wewe ukabaki unatafuta wembe. Hata marehemu mumewe, siku alipojitia kumshonea mkewe kifungo kwa mapenzi yake yote, aliambiwa afumue.

Sasa huyo huyo Fundi Rula, asubuhi ya Jumatano, alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya kukatia, mkasi mkononi, machozi yanamlengalenga. Mezani palikuwa na rundo la vipande vya mfarishi, na hakuna viwili vilivyolingana.

Mambo yalikuwa hivi. Kila mwaka washonaji wa miji mitatu hushona mifarishi, yale mablanketi ya viraka yenye pamba katikati na bitana nyuma, ikapigwa mnada kusaidia wodi ya watoto wachanga. Utamu wa kazi ulikuwa katika kubadilishana. Huungi vipande vyako mwenyewe. Unashona, unawapelekea wenzio wa mji mwingine, nao wanakuletea vyao, kwa hiyo mfarishi wa kila mji unatokana na mikono ya watu ambao pengine hutawaona maishani. Wala kipande hakiandikwi jina. Kidole kimoja hakivunji chawa, walikuwa wakisema, na chawa akishavunjika hakuna haja ya kuuliza ni kidole kipi.

Mwaka huu walikuwa wanatafuta fedha za kitanda cha joto, kile wanacholazwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Wodi ilikuwa nacho kimoja tu. Fundi Rula alikijua vizuri hicho kimoja. Mwaka uliopita mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa binti yake wa pekee, alilazwa humo akibanana na mtoto mwingine, na hakumaliza wiki.

Baada ya mazishi Fundi Rula alimshika binti yake bega, akamwambia maneno ambayo yeye aliyaona ni ya faraja. "Usilie sana, mwanangu. Bado mdogo, utapata mwingine."

Binti alimtazama. "Mama," akasema, "huyu hakuwa gauni, kwamba likiharibika tunakata lingine."

Akarudi kwake, mji wa pili, na tangu siku hiyo simu zao zikawa shikamoo na marahaba, mvua imenyesha, haijanyesha, basi. Fundi Rula alitamani kuyafumua yale maneno. Tatizo la maneno ni kwamba hayana uzi wa kushika. Ndiyo maana aliutaka mfarishi huu uwe mzuri kuliko yote iliyowahi kupigwa mnada. Alichoshindwa kukisema kwa mdomo, aliona atakisema kwa sindano. Na mnada ulikuwa Jumamosi.

"Wameniua," alimwambia wifi yake aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. Wifi huyu, dada wa marehemu mumewe, aliuza nyuzi na vifungo duka la pili, na hodi hakuijua. "Tazama mwenyewe. Hiki kama sinia, hiki kama leso. Kipimo cha mwaka huu niliwapa mimi, wifi. Niliwapa wazi kabisa!"

"Uliwapaje?"

Fundi Rula akachukua simu, akautafuta ule ujumbe wa sauti aliowatumia washonaji wote, akaufungulia. Sauti yake mwenyewe ikajaa chumba: "Kila kipande kiwe mraba, shubiri moja kwa shubiri moja. Asiyejua shubiri atandaze mkono wake, kuanzia ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Msinipunguzie wala msiniongezee."

Wifi akavitazama vipande. Akautazama mkono wake, mfupi na mnene. Akautazama wa Fundi Rula, mrefu kama kijiti cha kukorogea rangi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akiwa amesimama, akacheka akiwa ameshika meza, akamalizia kwenye kigoda, kilemba kimemvuka.

"Mkono wake!" akasema alipopata pumzi. "Wewe si ndiye uliyesema kila mtu atandaze mkono wake? Ulidhani wote tumekopeshwa wako?"

Na ilikuwa kweli, jamani. Miaka yote hiyo Fundi Rula alikuwa akitandaza mkono juu ya kitambaa, kisha anaweka rula ili ahakikishe, na rula haikuwahi kumpinga hata siku moja. Kwake yeye shubiri ilikuwa kipimo kama mita. Haikumpitia akilini kwamba watu wengine nao wana mikono.

"Basi nitavikata," akasema kwa ukali, maana aibu yake ilikuwa na tabia ya kutoka nje ikiwa imevaa ukali. "Kikubwa hukatwa, kidogo hakiongezwi. Nimeshakipata kidogo kuliko vyote, vilivyobaki navipunguza vilingane nacho, basi."

Kusema kweli kulikuwa na kidogo zaidi. Kilidondoka kutoka katika moja ya bahasha, kijitambaa cha njano kisichozidi upana wa vidole viwili. Hicho ukikifanya ndicho kipimo, utakata mfarishi wote mpaka uishe. Fundi Rula alikiona ni mabaki yaliyojipenyeza humo kwa bahati mbaya, akakitupa kwenye kikapu cha matambara ya kufutia mafuta ya cherehani.

Akavuta kipande kikubwa cha turubai, kilichoshonwa kwa uzi mnene kama wa kushonea magunia, akafungua mkasi.

"Ngoja kwanza," wifi akasema.

Kicheko kilikuwa kimemkauka. Alikuwa ametandaza mkono wake juu ya kipande cha maua mekundu, na dole gumba lilikuwa limegusa ukingo wa huku, kidole cha mwisho kimegusa ukingo wa kule, sawasawa, bila kubaki wala kupungua.

"Huyu yuko kama mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Wifi, kuna mtu huko, simjui, hanijui, ana mkono wangu."

Fundi Rula alitaka kumwambia aache mambo ya kitoto. Badala yake alijikuta ametandaza mkono wake juu ya lile turubai. Haukufika. Alivuta vidole mpaka vikauma, na bado turubai lilibaki. Akauona mkono wa mtu huyo kana kwamba umewekwa mezani, mkono wa mwanamume mpana, pengine dereva wa lori, pengine mchimba visima, ameinama na sindano inayompotea vidoleni, anashona kwa ajili ya mtoto asiye wake.

Wakaendelea. Hiki cha samawati kilikuwa cha mkono mdogo, wa msichana ambaye bado anakua. Hiki cha mistari kilikuwa na mishono inayotetemeka, lakini haikukosea njia hata mahali pamoja, na wote wawili waliujua utetemekaji ule kwa sababu mama mkwe wa mmoja, ambaye alikuwa mama mzazi wa mwingine, alishona hivyo miaka yake ya mwisho. Halafu wakafika kwenye kipande kilichokuwa kirefu upande mmoja na kifupi upande wa pili.

"Huyu naye hata mraba haujui," Fundi Rula akasema. Neno lake lilikuwa tayari mdomoni. "Hiki ni cha kufu..."

"Amepima kwa mikono miwili," wifi akamkatiza. "Upande huu kwa huu, upande ule kwa ule. Wifi, mkono wake mmoja umepungukiwa na kidole."

Fundi Rula akaufunga mkasi, akauweka chini polepole, kama mtu aliyegundua amekanyaga mkeka wa watu na viatu. Maisha yake yote amepima watu, vifua, viuno, mabega, akaandika namba na kuwarudishia nguo zao. Leo watu wamejipima wenyewe, wakamjia wote mara moja, wamejaa mezani, na yeye alikuwa amesimama mbele yao na mkasi. Aliogopa kidogo. Ulikuwa woga mzuri, ule unaomfanya mtu avue kofia bila kuambiwa.

"Ukistaajabu ya Musa," wifi akanong'ona, wala hakumalizia. Kisha akainama, akachakura kikapuni. "Na hiki je? Hiki mbona umekitupa?"

"Hicho ni takataka. Ni tambara tu."

"Tambara gani limekunjwa pindo pande tatu? Nani anashona pindo la takataka?"

"Basi kuna mtu ameleta mzaha. Nipe nikione. Hakuna binadamu mwenye shubiri ya vidole viwili, labda awe..."

Alikipokea kile kijitambaa, akaenda nacho dirishani. Kilikuwa flaneli ya njano. Pande tatu zilikuwa na pindo jipya, la mkono, mishono midogo mno. Upande wa nne ulikuwa na pindo la zamani la cherehani, na katikati ya pindo hilo uzi wa njano uliishia, ukaanza uzi mweupe.

Mshono ule ulikuwa wake. Siku binti aliposhikwa na uchungu kabla ya wakati, yeye alikuwa kwenye cherehani akimshonea mjukuu kiblanketi, na uzi wa njano ukamwishia njiani. Akamalizia kwa mweupe akiwa mbio mbio kwenda hospitali, huku akijisemea: nitafumua baadaye, nitashona upya. Hiyo baadaye haikuja. Kiblanketi kilibaki kwa binti, na kwa mwaka mzima hakuna aliyekitaja.

Kumbe binti naye amejiunga na washonaji wa kule, kimya kimya. Kumbe ujumbe wa sauti ulimfikia na yeye: asiyejua shubiri atandaze mkono wake. Naye hakutandaza wake.

Fundi Rula alifungua kiganja, akakilaza kile kipande katikati. Hakikufunika hata kiganja. Kumbe siku zile chache kuna mtu aliyeingiza mkono katika kitanda cha joto, akavinyoosha vile vidole taratibu, gumba huku, cha mwisho kule, akakihifadhi kipimo kile moyoni bila rula na bila kuandika mahali popote. Mwaka mzima, na hakikupotea. Yeye bibi mtu, bingwa wa vipimo, alimpima mtoto nguo. Mkono hakuupima. Alilia pale pale dirishani, kwa sauti, na wifi yake hakumwambia anyamaze.

Alipopata sauti akapiga simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." "Kipande chako kimefika."

Kisha binti akauliza, na lile swali lilimchoma kuliko yote aliyowahi kuulizwa: "Umekikata?"

"Sijakikata. Sijakata hata kimoja." Hakutaja kikapu cha matambara, hilo atakuja kulisema siku nyingine, ana kwa ana. "Mwanangu, siku ile nilisema vibaya. Hakuna mwingine. Yule alikuwa ni yule. Nisamehe."

Alimsikia binti akilia, naye akasubiri. Zamani angemwambia nyamaza.

"Nitakiachia nafasi katikati," akasema baadaye. "Mimi sikigusi. Njoo ukishone mwenyewe."

Siku ile na iliyofuata Fundi Rula na wifi yake walifanya kazi ambayo hawakuwahi kuifanya. Rula ilitundikwa ukutani. Waliviweka vipande kama vilivyo, na kila palipobaki pengo wakakata kitambaa cha buluu iliyoiva, pembe hii nyembamba, ile nene, pengo kwa pengo, mpaka vyote vikashikana. Mara kwa mara mmoja wao alisimama akatazama tu, na mwenzake hakumwambia wahi, tunachelewa.

Binti aliwasili Ijumaa mchana. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Mfarishi ulikuwa umefunika meza yote na kuteremka hadi sakafuni, mikono kwa mikono, mikubwa, midogo, ule wa vidole vinne, yote imetandazwa kuzunguka nafasi moja ndogo. Alisogea, akagusa kipande hiki, akagusa kile, midomo inamcheza. Aliketi, akatunga uzi, na mama yake akaushika mfarishi kwa mikono miwili ili usiteleze.

Alishona upande wa chini, akashona wa kulia. Alipofika juu, mshono ukapinda. Mama, binti na wifi, wote watatu waliuona. Binti akaishusha sindano, akangoja lile neno alilokua nalo tangu utoto.

"Nifumue, Mama?"

Fundi Rula aliutazama mshono uliopinda, na ule wake wa nyuzi mbili uliokuwa pembeni yake.

"Usifumue," akasema. "Endelea, mwanangu. Nimeshika."