Majina Aliyoyakataa Eunan

Alhamisi ya tatu ya Novemba, saa kumi kasorobo alasiri, Dympna Harkin alikuwa kwenye sinki la jikoni akimenya viazi alipomwona mumewe uani, akikinga mafuta kutoka kwenye tangi. Eunan alikuwa amezikwa Septemba. Alivaa suti ya kijivu waliyomzikia, na kofia ya kampuni yake ya mafuta, ambayo Dympna mwenyewe aliiweka ndani ya jeneza. Mpira ulitoka kwenye tangi ukaingia kwenye dumu la plastiki. Dympna akagonga kioo. Eunan akainua mkono kumsalimu, kisha akarudisha macho kwenye dumu lisije likafurika.

Dympna akamalizia viazi. Alipotoka nje akijifuta mikono, Eunan alikuwa tayari amepakia dumu kwenye toroli ya bustanini.

"Hukai hata chai?" akamuuliza.

"Sinywi tena," Eunan akasema. "Naenda kwa Concepta Lynch."

Eunan alikuwa ameendesha boza la mafuta miaka thelathini na mmoja. Pale mjini kwao Castlederg, kwenye baridi kali, kila nyumba ina tangi lake uani, na mafuta ya taa ndiyo yanayowasha boila, inayopasha maji yanayozunguka kwenye vyuma vya ukutani. Yakiisha, kuta zinatoka jasho na watu wanalala na makoti. Kampuni haikuuza chini ya lita mia tatu. Mtu mwenye pesa ya lita ishirini alikuwa akimsubiri Eunan getini, anamwomba kwa sauti ya chini majirani wasisikie, na Eunan anamjibu, "Mia tatu, mpenzi, au niondoke. Mimi natumwa tu." Kisha anaondoka. Alikuwa mcheshi, aliimba akiwa kazini, na hakuna aliyemwita mtu mbaya.

Concepta aliishi nyumba namba thelathini na moja. Ule mwaka wa barafu kubwa alimwomba Eunan lita thelathini kwa ajili ya baba yake, akapewa jibu lile lile. Mzee akafa siku ya tisa. Daktari aliandika kwamba ni kifua.

Concepta alifungua mlango akamtazama Eunan, akatazama na dumu.

"Baba kafa miaka kumi na tano sasa," akasema.

"Najua. Nilikuja mazikoni."

"Ulikula mikate ya nyama minne, nilikuhesabia. Sasa hii unaniletea ya nini?"

"Uliomba thelathini. Hizi ni kumi, ndizo nilizoweza kusukuma. Nyingine Alhamisi ijayo."

Concepta akafunga mlango. Eunan akabaki kizingitini, mvua ikimnyeshea. Baada ya nusu saa mlango ukafunguliwa tena, na Concepta akalichukua dumu bila asante, kwa sababu jikoni kwake mwenyewe alikuwa akipumua anaona mvuke.

Tangu siku hiyo Eunan alikuja kila Alhamisi, akisukuma toroli nyumba hadi nyumba mpaka usiku. Majina hakuyaandika popote. Aliyajua kwa kichwa, na nyumba zake, na kiasi ambacho kila mmoja aliomba. Kuna mama aliyepata lita kumi na tano alizoziomba kabla mwanawe hajazaliwa, naye mwanawe sasa alikuwa na ndevu. Watu walizoea. Waliacha madumu matupu getini, na waliokuwa hawamo kwenye orodha walimwuliza kama hakumbuki kuwakatalia kitu, hata kidogo. Eunan akafikiri, akasema hapana, pole sana.

Padri aliulizwa baada ya misa. Akasema haoni dhambi yoyote hapo, akaomba ikiwezekana marehemu asipite mbele ya shule watoto wakitoka, maana wanamkimbilia wapande toroli.

Mwezi wa Desemba kampuni ikatuma mwanamke mmoja mwenye viatu vizuri. Alimkuta Eunan uani kwa Dympna.

"Bwana Harkin, hatuna neno na unachokifanya," akasema. "Ila kofia ina jina letu. Watu watadhani tunauza kidogo kidogo."

Eunan akavua kofia, akaikung'uta maji, akampa. Mwanamke akaitia kwenye mfuko wa nailoni. Alipokuwa akitoka alimwambia Dympna, kwa upole kabisa, kwamba kuanzia Januari kiwango cha chini kitakuwa lita mia tano.

Siku hiyo Dympna alichukua mpini wa ufagio, akauchovya ndani ya tangi, akautoa. Ulilowa urefu wa vidole viwili. Mafuta yale aliyanunua kwa pesa ya rambirambi, tangi zima, ili asiombe mtu yeyote mpaka majira ya kuchipua. Akavaa koti, akamfuata mumewe penye toroli.

"Eunan, unanimalizia mafuta."

"Yamebaki majina manne tu."

"Na mimi?"

Eunan akainama kukaza mpira kwenye dumu. Maji ya mvua yalimtiririka kiparani, naye hakuyafuta.

"Wewe humo, Dympna. Wewe sikukukatalia hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Katika ndoa ya miaka thelathini na minane hakuwahi kumnyima kitu, na nyumba yao ndiyo iliyokuwa na joto kuliko zote mtaani. Wanawake walikuwa wakija kunywa chai wanakawia kuondoka, wanasogeza viti karibu na ukuta, naye Dympna akidhani wanapenda maongezi yake. Alilikumbuka hilo akiwa pale uani, na uso ukamwaka kwa aibu. Ndilo joto pekee alilolipata siku ile.

"Unasikia baridi wewe?" akamuuliza.

"Hapana. Kule hakuna."

"Basi usinieleze kitu." Akaingia ndani. Lakini mpira hakuuondoa kwenye tangi, wala Alhamisi zilizofuata hakuuondoa.

Jina la mwisho lilikuwa Wilbert Caldwell, aliyewahi kuomba lita sita. Wilbert naye alishakufa, tangu mwezi wa Aprili, na nyumba yake ilikuwa imepigwa mbao madirishani. Dympna alimwambia.

"Najua," Eunan akasema. "Tumeonana."

"Sasa si uniachie mimi hizo sita?"

"Ni zake."

Tangi lilikuwa limekauka kiasi kwamba ilibidi waliinamishe wote wawili, yeye na mumewe, bega kwa bega, ndipo zikatoka lita sita zenye matope. Eunan akazisukuma hadi kwa Wilbert, akazunguka nyuma, akazimimina kwenye tangi la nyumba isiyo na mtu. Zimo humo mpaka leo. Aliporudi na toroli aliisimamisha ukutani palepale ilipokuwa ikikaa.

"Nimemaliza," akasema.

"Haya. Nenda basi."

Eunan alitaka kumgusa mkewe shavu, akaona mkono wake una mafuta, akauficha mfukoni. Akaenda zake kwa njia ya makaburini, na hakurudi tena.

Januari boila ilizimika. Dympna akaanza kwenda kituo cha petroli, ambako wanauza dumu la lita ishirini kwa pesa ambayo mwenye kununua mia tano angepatia karibu lita arobaini. Alilibeba kwenye kigari cha mtoto alichoazimwa na Concepta. Dumu moja lilimpa jioni mbili, akiwasha saa moja moja, akikaa na kofia ya sufu kichwani na chupa ya maji ya moto mapajani. Hakuna aliyekuja kunywa chai.

Alhamisi moja alilisikia boza likinguruma mtaani. Akatoka na ndara, akamkuta dereva mpya, Cahal Gormley, akivuta mpira kuelekea namba tisa.

"Cahal, mwanangu, niwekee ishirini tu. Pesa hii hapa, taslimu."

"Mia tano, mama. Ningekuwa na uwezo ningekuwekea, Mungu anajua. Mimi natumwa tu."

"Najua unatumwa. Unanijua mimi nani?"

"Mke wa Eunan. Mtu mzuri sana yule, ndiye aliyenifundisha kazi hii."

"Basi sema jina langu."

Gormley akautua mpira. "Dympna Harkin."

"Nyumba?"

"Ishirini na mbili."

"Lita?"

"Ishirini," Gormley akasema, na safari hii alielewa anaulizwa nini, kwa sababu mji mzima ulielewa. Akainamisha kichwa kwa heshima. "Nimelishika, mama. Sitalisahau."

"Asante," Dympna akasema.

Akasimama kidogo akimtazama anavyovuta ule mpira mzito. Gormley alikuwa na miaka hamsini na mmoja, havuti sigara, na Jumapili baada ya misa alikimbia maili sita. Dympna akahesabu miaka, akafunga koti mpaka shingoni, akarudi ndani.