Mpini wa Taruma

Harufu ndiyo iliyomsimamisha Graciella. Alikuwa ameshakata kipande cha kwanza cha mbao aliyoletewa na baba yake na kukifunga kwenye mashine ya kuzungushia. Patasi ilipogusa tu, karakana yake ndogo ya mtaa wa Karavia, Lubumbashi, ikanuka lami ya moto. Vumbi lilitoka jeusi, la mafuta, likamganda mikononi. Alizima mashine akanawa kwa sabuni mara mbili. Kabla ya saa sita mchana ngozi ilikuwa imetoa vipele.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi kaka yake, Raoul, alikuwa anaoa.

Katika familia yao mwanamume haendi kuoa kabla baba yake hajampaka povu kwa brashi mpya na kumnyoa mbele ya wajumbe wa wakwe. Brashi hiyo huondoka nayo, ya maisha. Baba yao, Léonard, alinyolewa hivyo na babu Sylvain, aliyetandika reli mpaka mgongo ukapinda. Na mbao hii, ya kuchongea mpini wa brashi ya Raoul, ilikuwa kipande cha taruma, moja ya zile mbao nene zinazolala chini ya vyuma vya reli. Babu alililaza taruma hilo kwa mikono yake. Njia ile ilipong'olewa, Léonard alilibeba begani akalihifadhi nyuma ya nyumba miaka tisa. Babu hakuacha picha hata moja. Aliacha mbao.

Léonard alipopita jioni kuona kazi imefikia wapi, mashine ilikuwa imenyamaza.

"Papa, hii mbao haiwezi," Graciella alisema. "Iko na ile dawa nyeusi ya kuuwa mchwa. Imeingia mpaka ndani kabisa. Maji ya moto itaitosha yote inje. Angalia mukono yangu."

Léonard hakuangalia mkono. "Hii traverse imebeba treni miaka makumi ine. Sasa itashindwa kubeba kidefu ya kaka yako?"

"Treni haina ngozi, Papa."

"Kumbe ile diplome ni ya kunijibia?"

Graciella akapanga vitu mezani: kipande cha mukula, ule mti mwekundu, mche wa shaba, jiwe la malakiti, pembe ya ng'ombe kutoka Lukafu. Alivijua vyote kwa tabia zao mbele ya maji. Mukula ni mzuri lakini hutoa rangi, na nani anataka maji mekundu kama damu asubuhi ya ndoa? Shaba ni nzito, ikikutana na sabuni inaota ukijani. Malakiti ikianguka mara moja kwenye sakafu, kwaheri. Pembe hunuka vibaya ikichongwa, ila ikishang'arishwa harufu inakwisha, na ukiifuta vizuri baada ya kunyoa inakaa na mtu mpaka uzee.

"Pembe, Papa. Hata yako iko ya pembe."

"Yangu ilitoka kwa baba yangu. Hii pembe ni ya ng'ombe nani?" Léonard alikusanya taruma lake, pamoja na kile kipande kilichokwisha kukatwa. "Kama weye hauwezi, mwenye kuweza iko."

Akaondoka. Graciella alichonga pembe hivyo hivyo, Ijumaa nzima, bila kujua kama kuna atakayeishika.

Mwenye kuweza alikuwa fundi Djo. Fundi Djo hakuwahi kumwambia mteja hapana.

Jumamosi saa moja asubuhi ua wa familia, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa reli, ulikuwa umefagiliwa na viti vimepangwa. Wajumbe wa wakwe watatu walikaa mbele, suti zimenyooka. Mkubwa wao alikuwa Elisée, kaka wa bibi harusi, mfanyabiashara wa Goma aliyehamia Lubumbashi na malori yake. Raoul aliketi kwenye kigoda, kifua wazi, taulo shingoni. Beseni la maji lilikuwa likitoa mvuke.

Léonard akatoa brashi mfukoni mwa koti. Mpini ulikuwa mweusi, unang'aa kwa vanishi, umechongwa kwa ustadi kabisa. Watu wakapiga makofi. Graciella hakupiga.

Akainama karibu na sikio la kaka yake. "Yaya, usikubali ile brashi. Itakuchoma uso."

"Acha tu," Raoul alinong'ona. "Ona vile Papa anafurahi. Ni mara moja tu."

"Si mara moja. Utanyoa nayo kila siku."

"Graciella!" Hiyo ilikuwa sauti ya tantine Brigitte, dada wa baba. "Achia banaume kazi yabo."

Léonard alichovya brashi yote, nywele na mpini, akazungusha juu ya sabuni. Akapaka shavu la kushoto. Povu halikuwa jeupe. Lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea sufuria, na Raoul, aliyekuwa akitabasamu, akaanza kubana jicho.

"Papa, ngoja," Graciella alisema.

"Nyamaza."

Akamshika baba yake kifundo cha mkono. Mbele ya wakwe. Ua mzima ukavuta pumzi. Akaitoa brashi katika vidole vyake, akachukua birika lililokuwa jikoni likichemka, akaumiminia mpini maji juu ya sahani nyeupe. Vanishi ikatoa malengelenge. Kisha mafuta meusi yakachuruzika, yakaelea juu ya maji kwa rangi rangi kama petroli barabarani.

Elisée alisimama, kitambaa puani. "Eh! Bwana harusi tunamupeleka kanisani ao ku gare ya treni?"

Raoul alikuwa ameshajitumbukiza uso kwenye ndoo ya maji baridi. Alipoinuka, shavu la kushoto lilikuwa jekundu.

"Piga magoti," tantine Brigitte alisema. "Umemupatia papa yako haya mbele ya bakwe. Piga magoti, uombe pardon, la sivyo leo hakuna mutu anatoka hapa."

Graciella alibaki wima. Alifungua mkono, ndani yake mlikuwa na brashi ya pembe.

Léonard alitazama ile sahani. Alionekana mdogo ndani ya koti lake. Ndipo akaunyoosha mkono, akaichukua brashi ya pembe, akaigeuza, akaichovya. Povu likaja jeupe. Akaanza na shavu la kulia, taratibu, kidole gumba chini ya kidevu cha mwanawe.

"Umeshika mukono yangu," alisema bila kugeuka. "Mimi, baba yako. Ile kitu haiwezi kupita hivi. Sema pardon, neno moja tu, na bantu basikie, halafu twende kanisani."

Lilikuwa neno dogo, na Graciella alimpenda baba yake. Alifikiri juu ya ile miaka tisa ya kulifunika taruma mvua ikinyesha. Alifikiri pia juu ya jicho la Raoul.

"Juu ya babu, naumia pamoja na weye, Papa," Graciella alisema. "Lakini pardon, hapana. Siombi."