Toge Iliyoshonwa Yeoville

Picha ilifika Jumanne asubuhi, Oktoba 2018, Angélique akiwa na pini nne mdomoni. Alikuwa akishona vijoho ishirini na sita vya watoto wa krechi, yaani chekechea, ya mtaa wa pili, maana Johannesburg hata mtoto wa miaka mitano, akishajua kuhesabu mpaka ishirini na kuacha kukojoa kitandani, huvishwa joho na kofia ya pembe nne, akapigiwa makofi. Wakongo joho hilo wanaliita toge. Kwa Angélique hapakuwa na vazi kubwa kuliko hilo. Hata gauni la harusi lilikaa chini yake. Kwa miaka mitatu amewashonea watoto wa watu huku akisubiri zamu ya mwanawe.

Na zamu yenyewe ndiyo hiyo imeingia kwenye simu. Benita, mtoto wake wa kwanza, aliyekwenda India mwaka 2015 kusomea biashara, amehitimu. Angélique akatema pini, akafuta kioo cha simu kwa sketi, akatazama. Akaigeuza simu upande. Akatazama tena.

Toge haikuwepo. Benita alikuwa amevaa sari ya rangi ya maziwa yenye pindo jekundu, na begani kitambaa kirefu cha pamba. Kando yake alisimama kijana wa Kihindi mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, amevaa kanzu fupi ya rangi ileile ya maziwa, na begani kitambaa kilekile. Wote wawili wanacheka, meno nje.

"Félicitations," alimpongeza Gaëlle, msusi anayepanga naye chumba kimoja cha duka pale Rockey Street, mtaani Yeoville. Alikuwa amechungulia bila kualikwa, kama ilivyo desturi yake. "Mutoto ameolewa."

"Nani ameolewa?"

"Angalia kitambaa, Maman Benita. Batu babili, kitambaa kimoja. Unataka bakuandikie?"

Angélique akaitazama picha tena, maana hoja ilikuwa na mashiko. Ni yeye mwenyewe anayewashonea Wakongo wa Yeoville sare za harusi, bibi na bwana, wakwe, mashangazi, mpaka wapambe. Kwa Wakongo watu hawavai kitambaa kimoja kwa bahati mbaya. Mkionekana nacho, mmeshakuwa ndugu, mtake msitake.

Mumewe, François, mlinzi wa jengo la ofisi kule Rosebank, alirudi saa kumi na moja jioni. Kwa miezi sita alikuwa amewatangazia walinzi wenzake, madereva wa teksi, hata meneja wa jengo, kwamba binti yake anakaribia kuvaa toge. Aliitazama picha akiwa amesimama, hajavua hata kofia ya kazi.

"Huyu ni nani?"

"Sijue."

"Baba yake alikuja hapa? Kuna muntu aligonga huu mulango, akakaa kwa hiki kiti, akaniomba mutoto?"

"Hakuna."

"Na toge iko wapi?"

Hilo ndilo lililomuuma zaidi, Angélique aliliona usoni mwake. Mambo ya mahari hata yakichelewa huzungumzika. Watu hukaa, hufokeana, husameheana. Lakini binti asiye na toge pengine hakusoma kabisa. Wapo watoto waliopelekwa nje wakaacha masomo mwaka wa pili, wakaolewa au wakaishia kuuza simu, na wazazi wao kanisani mpaka leo wanasema "anamalizia." François aliwajua kwa majina.

Wakapiga simu. Benita aliposikia habari ya harusi alicheka mpaka akakohoa.

"Papa, huyo tulikaa naye dawati moja! Wanaume wote walivaa vile, mia tatu nzima. Chuo kimeacha majoho. Wanasema ni mambo ya Waingereza, halafu kule ni joto. Siku hizi tunavaa pamba ya kufumwa kwa mkono, ya palepale kwao."

"Université bila toge," alisema François.

"Ndiyo, Papa."

"Na diploma?"

"Nina karatasi ya muda. Cheti chenyewe watakituma baada ya miezi michache."

François aliweka simu mezani taratibu. "Karatasi ya muda," akarudia, kwa sauti ya mtu anayesoma jina la dawa asiyoijua.

Alhamisi Angélique alikwenda Fordsburg, kwa Zubeda muuza vitambaa. Zubeda ni wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Dar es Salaam, na aliolewa Johannesburg miaka thelathini iliyopita. Wanawake hao wawili walikuwa wameshibana kwa Kiswahili, cha Zubeda kimenyooka, cha Angélique kimepinda kuelekea kwao Bukavu, mashariki ya Kongo. Kama kuna mtu wa kumweleza mavazi ya Wahindi, ni huyo.

"Hebu lete," Zubeda alisema, akivaa miwani. Akaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa. "Shoga yangu, hii si sari ya harusi. Bibi harusi avae pamba tupu? Wageni wangeondoka kabla ya biriani! Na hiki kitambaa cha begani, tazama hapa pembeni, kimechapishwa jina la chuo. Mtoto kahitimu. Kama ni kulia, lia kwa furaha."

Angélique akashusha pumzi. "Kwa hiyo université zote za India zimeacha toge?"

"Zote wapi! Vyuo vingine vimeacha, vingine vimeng'ang'ania. Mtoto wa dada yangu juzijuzi kavalishwa joho, jasho likamtoka mpaka kofia ikateleza. Wenyewe huko bado wanagombana." Zubeda alivua miwani, akaifuta kwa mtandio. "Mimi ukiniuliza nitakwambia waache, wameshajitawala, Mwingereza wa nini tena? Kisha namkumbuka marehemu baba. Alikuwa na picha moja, kavaa joho, enzi hizo Mwingereza yuko palepale Dar anatawala. Kila Ijumaa aliifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe, hakuruhusu mtumishi aiguse. Sasa nikisema lile ni vazi la mkoloni, baba yangu nimemweka wapi?"

"Kwa hiyo baache ao basiache?"

"Mama Benita, mimi nauza vitambaa."

Angélique aliaga akiwa na nafuu nusu. Mwanawe hakuolewa, hilo limeisha. Mwanawe amehitimu, hilo nalo ni kama limeisha. Lakini kanisani atamwonyesha nani pembe ya kitambaa kwenye kioo cha simu? Jumapili ya shukrani, mwishoni mwa Novemba, waliohitimu huitwa mbele mmojammoja, na wote huja na toge zao. Asiye na toge haitwi, si kwa sababu kuna aliyekataza, ila haijawahi kutokea. Alikwisha kufika mlangoni alipogeuka.

"Nikatie mita tano ya nyeusi," akasema. "Na satini nyekundu kidogo, ya kola."

Benita alitua wiki ya tatu ya Novemba, amekonda, anatembea kama mtu mzima. Toge ilikuwa inaning'inia kwenye mlango wa chumba. Angélique aliikata kwa kufuatisha gauni la zamani la binti yake, akaongeza kidogo mabegani, kisha akaomba Mungu.

"Eish, Maman," Benita alisema, akaushika mkono wa vazi, akalipindua kutazama mishono kwa ndani. Alikuwa mtoto wa fundi. "Imeshonwa vizuri sana. Lakini si yangu. Hakuna chuo kilichonipa hii. Ile niliyopewa iko kwenye sanduku, Jumapili nitavaa hiyo."

"Sari kanisani?" François aliuliza. "Na batu banasema umeolewa?"

"Waache waseme. Papa, mwaka ule naondoka hapa wanafunzi walikuwa barabarani, wanataka mambo ya mkoloni yaanguke. Wahindi wamevua joho lao wakaendelea na maisha. Sisi tunalishona wenyewe, kwa kitambaa tulichonunua wenyewe. Nani katulazimisha?"

Angélique alimsikiliza akaona mtoto amesema kweli. Nani kawalazimisha? Hata yeye hakumbuki ni lini aliamriwa kuliheshimu vazi lile. Akataka kuiondoa toge pale mlangoni. Lakini François akavuta kiti, akakaa, na hakupandisha sauti.

"Mukoloni ya Wahindi alibavalisha toge," alisema. "Bameivaa, bamechoka nayo, bameivua. Ni haki yabo. Mukoloni ya kwetu alitukataza. Babu yangu alikuwa na akili kupita bwana yake, bakamufundisha kusoma na kuhesabu, bakamuambia inatosha. Baba yangu alikuta vita. Miye nilikuta vita. Sasa mutoto wangu ananiambia tutupe nguo yenye hatujavaa hata siku moja?"

Angélique akaona na huyu naye amesema kweli. Hiyo ndiyo shida iliyomkaa kifuani tangu Oktoba, kila aliyefungua mdomo alikuwa na haki. Binti ana haki, mume ana haki, Zubeda kule Fordsburg ana haki pande zote mbili. Alitamani angalau mmoja wao awe mjinga ili yeye apumzike. Akawachukia wote kwa muda mfupi, akaenda kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Benita alimtazama baba yake, amekaa pale na shati la kazi lenye nembo ya kampuni kifuani.

"Sawa, Papa," akasema hatimaye. "Nitaivaa."

Jumapili ilifika na jua lake la Novemba. Kanisa lao zamani lilikuwa ghala, na chini ya bati lile Benita alianza kutoa jasho kabla hata jina lake halijatajwa. Lilipotajwa, kinanda kikalia, ngoma zikaitikia, akapita katikati ya viti huku toge ikimfuata vizuri nyuma, imekaa mabegani utadhani amepimwa. Gaëlle alipiga vigelegele kuliko watu wote, kana kwamba habari za harusi alizieneza mtu mwingine. François alilia waziwazi. Alipiga picha kumi na tatu, na katika nne kidole chake kiliziba nusu ya binti. Na Angélique, aliyekuja na maswali yake yote, akajikuta hana hata moja. Alifurahi mpaka akaona aibu.

Baada ya ibada Papa Steve alimwita kando, karibu na meza ya maandazi. Papa Steve ndiye mkuu wa wakaribishaji pale kanisani, mtu mpole, anayejua kila mtoto ana umri gani na anaumwa nini.

"Maman Benita, mikono yako imebarikiwa. Ni weye ulishona?"

"Ni miye."

"Nilijua tu. Toge ya kuazima haikai vile." Akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Unajua Steve wangu aliacha masomo mwaka ya pili. Nyanya yake anatoka Uvira, anakuja Noeli, na tulishamuambia mutoto amemaliza. Umushonee kama hii hii. Ya kwenu sitaisema, na ya kwetu usiiseme."

Ilimchukua Angélique muda kuelewa "ya kwenu" ni ipi. Alipoelewa, masikio yakamwaka moto.

"Papa Steve, Benita amemaliza. Amemaliza kweli."

Papa Steve akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Usoni hakuwa na kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha Angélique. Alikuwa na huruma tupu, huruma ya mzazi kwa mzazi mwenzake.

"Ndiyo, Maman," akasema. "Na Steve amemaliza."

Angélique akamwacha pale. Alipita katikati ya watu bila kuomba njia, akamkanyaga mtu, hakugeuka. Benita alikuwa mbele, uso unang'aa kwa jasho, na baba yake alikuwa anapanga watu kwa picha nyingine.

"Vua," Angélique alimwambia sikioni. "Vua hii kitu sasa hivi. Tunaenda nyumbani uvae ile ya chuo, turudi, batu baone ile."

Benita alimtazama bila kuelewa. "Maman, hilo ndilo nililowaomba."

"Najua. Vua."

"Ile ya chuo niliivaa," Benita alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Niliivaa siku yenyewe, nikawatumia picha. Hamkuniamini."

François, simu ikiwa imemficha uso, alipaza sauti: wasogeleane, wacheke, Maman Benita asimame kushoto. Angélique akasimama kushoto. Alijaribu kucheka.