Lenzi ya Isabirye Juu ya Mfenesi

Huko Walukuba, Jinja, ukitaka kumkasirisha Isabirye, mwambie simu yako inapiga picha nzuri kuliko kamera yake ya filamu. Atakuletea ile lenzi yake ya kioo, fupi na nene kama mkebe wa maziwa ya unga, akuonyeshe kioo cha duara kilichomo ndani, kama kile cha kujitazamia, kinachomleta mtu wa mbali mpaka uhesabu kope zake. Lenzi kama hiyo hutaiona tena Uganda nzima, anasema, na ole wako ubishe.

Sasa mwanawe, Geresom, alikwenda Mbale kwa wajomba zake kutahiriwa kwa mila ya Kigisu: hadharani, wima, bila ganzi. Akipepesa jicho tu, ni aibu ya ukoo. Wasoga, watu wa baba yake, hawana mila hiyo; kijana alijitakia mwenyewe. Wanyama, kaka ya mama yake, alisema wazi kwamba damu ya Kisoga itatetemeka. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini Wanyama alimwambia: shemeji, kaa mbali, woga wako usije ukamwambukiza mtoto.

Ilimuuma Isabirye, nyie, ilimuuma haswa. Akameza. Siku ya tohara, huko Mbale, akatoka uani, akavuka migomba, akapanda mfenesi na kamera yake shingoni.

Huko juu hapakuwa na pa kusimamisha miguu ya kamera. Na lenzi ya kioo ina ubaya wake: ukiishika mkononi, hata pumzi yako inaitikisa, picha ikatoka na ukungu. Moyo wa baba ulimdunda kuliko ngoma za chini. Akamwona Geresom, uso umepakwa unga wa kimea, karibu kana kwamba angeweza kumgusa. Ngariba akainama. Isabirye akazuia pumzi, akawa gogo, akabonyeza. Mara moja tu. Umati ukalipuka kwa vifijo: kijana amesimama! Naye baba akalia huko huko mtini, bila haya.

Filamu aliisafisha mwenyewe Walukuba, kisha akarudi Mbale, mtaa wa Namakwekwe, nyumbani kwa Wanyama, na picha moja. Macho ya Geresom yako wazi, makavu. Kila chembe ya unga inaonekana. Nyuma yake mwanga wa majanini umekuwa vipete vipete, maana lenzi ya kioo ndivyo ichoravyo. Kwamba mpwa wake alisimama, Wanyama alikwishajisifu mtaa mzima. Aliuliza tu imekuwaje picha ya mbali hivyo ikatoka safi. Nambozo, mama yake Geresom, akamjibu kabla mumewe hajafungua mdomo: mkono ukitikisika hata kidogo, haitoki.

Wanyama akaitazama tena ile picha. Halafu akainuka, akampisha Isabirye kiti chake.

"Kumbe siku ile mlisimama wawili," akasema. "Kaa, shemeji. Kaa hapa kwa wanaume."